Seva Aliyoiwasha Bramwel

Parklands,
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwa shemeji Philister,

Habari za siku nyingi? Natumaini wewe na Stacy hamjambo na saluni inaendelea vizuri. Sisi huku ni wazima, isipokuwa mama yangu anasumbuliwa na magoti.

Najua simu zangu hupokei, na sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu nimekwama. Jumamosi niliizima seva yetu na kuiwasha upya, ile tunayoikodi kwenye mtandao. Tangu hapo kompyuta za maduka yote kumi na tisa tunayoyauzia dawa zinasema zimeshindwa kuunganishwa. Nimekagua intaneti, iko sawa. Seva yenyewe nikiiita inaitika. Kisichoamka ni programu ya maagizo aliyoiandika marehemu mumeo Bramwel. Hakuipanga ijiwashe yenyewe. Aliiwasha kwa mkono wake kila mara, na sisi wengine hatukuwahi kuigusa.

Nikijaribu kuingia kwa akaunti yake, naambiwa msimbo umetumwa kwenye namba yake ya simu. Kama laini ile bado ipo, nakuomba unisomee. Msimbo unadumu dakika tano tu, kwa hivyo itabidi tuwe tunaongea.

Shemeji yako,
Huzefa


Kenyatta Market,
Alhamisi, 11 Septemba

Huzefa,

Sisi hatujambo. Mpe mama pole ya magoti.

Laini ipo. Naiwekea salio kila mwezi isije ikafungwa. Na hiyo habari ya Jumamosi niliipata kabla hujaniandikia. Bramwel aliipanga programu yake imtumie ujumbe kila siku saa kumi na mbili asubuhi: "Niko macho, sijambo." Tangu tumzike, miezi kumi na minne sasa, mimi ndiye ninayeusoma. Naamka, nashika simu yake kabla hata sijavaa. Jumapili haukuja. Jumatatu haukuja. Nikapeleka simu kwa fundi, akaipekua akaniambia ni nzima. Nililia pale kibandani kwake mbele ya wateja.

Halafu nikafungua barua yako. Kumbe ni wewe.

Unakumbuka mara ya mwisho ulipompigia kuhusu hiyo seva? Alikuwa wodini na mpira wa oksijeni puani. Mimi ndiye niliyemshikia kompyuta mapajani, yeye akibonyeza. Dakika arobaini, Huzefa. Siku ya pili yake akafariki, na mazishini Butere hukuonekana. Leo unataka msimbo.

Mama Stacy


Parklands,
Alhamisi, 11 Septemba, jioni

Shemeji,

Barua yako bodaboda ameileta mchana, nimeisoma mara tatu. Habari ya ujumbe wa asubuhi sikuijua, wallahi.

Ya wodini ninayakumbuka. Sikuambiwa kwamba hali ilikuwa mbaya kiasi kile, lakini nilimsikia anavyohema kwenye simu. Nilisikia, nikaendelea kumuuliza. Maduka yangeweza kungoja hadi Jumatatu. Siku ya mazishi nilikata tiketi, nikafika hadi stendi, nikarudi nyumbani. Sikujua ningekutazama kwa macho gani. Nilifanya naye kazi miaka kumi na mmoja na ndivyo nilivyomzika.

Tangu siku ile ya wodini seva haikuwa imezimwa hata mara moja. Nimeizima mimi, kwa sababu wanaotukodisha walitaka iwekwe kinga mpya na nilishaahirisha sana.

Ukikataa nitakuelewa. Tutaandika programu nyingine. Itachukua miezi na maduka yataagiza kwa karatasi, lakini huo si mzigo wako.

Shemeji yako,
Huzefa


Kenyatta Market,
Jumamosi, 13 Septemba

Huzefa,

Natumaini mmeamka salama.

Njoo saluni Jumatatu saa nane mchana, na kompyuta yako. Nyumbani usije. Maduka ya dawa hayana kosa, na Bramwel asingependa kuona wagonjwa wanarudishwa mikono mitupu.

Mama Stacy


Parklands,
Jumanne, 16 Septemba

Shemeji Philister,

Salaam, na shukrani. Tangu jana alasiri maduka yote yanaagiza. Leo asubuhi wa kwanza kupiga simu alikuwa Ramila wa duka la pale karibu na hekalu, akasema Mungu akuzidishie.

Nilikwenda nikidhani msimbo ndio kila kitu. Ukanisomea, nikaingia, nikawasha programu, na maduka yakakataa vilevile. Nikajaribu tena, yakakataa. Nilikuwa natokwa na jasho pale kwenye kiti cha mteja, nawe unasuka nywele za Beryl hata hujageuka, ukasema, "Unaharakisha. Washa kwanza penye kumbukumbu za dawa, ungoje zimalize kujihesabu, ndipo uwashe yake. Alikuwa anangoja." Nikangoja dakika nane, nikawasha, ikashika. Kwa hivyo aliyeitengeneza ni wewe. Mimi nilibonyeza tu.

Kuna jambo moja. Wakubwa wanataka namba ya marehemu iondolewe, iwekwe ya ofisi. Ile ya msimbo nimeshabadilisha. Ya ujumbe wa asubuhi hawaijui, na sitawaambia. Ninaweza kuiacha kwako miaka yote.

Shemeji yako,
Huzefa


Kenyatta Market,
Jumanne, 30 Septemba

Huzefa,

Habari za huko? Sisi ni wazima. Stacy anakusalimu, nilimweleza kwamba ulikuja.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kujaribu. Ujumbe umekuja kila siku, saa ile ile, maneno yale yale. Siku ya kwanza niliufurahia. Siku ya pili nikakaa kitandani nimeushika, nikaona siwezi kujidanganya. Ile iliyokuwa ikinisalimu aliiwasha Bramwel, na mimi nimemshikia kompyuta. Miezi yote ile kulikuwa na kitu alichokianza yeye ambacho hakijasimama, na mimi nilikuwa naamka kukiangalia. Hii umeiwasha wewe. Nakushukuru, lakini ni wewe unayeniambia uko macho.

Nililia Butere nikadhani nimemaliza. Nimelia upya wiki hizi mbili, na safari hii hakuna mtu aliyekuja kunipa pole, kwa sababu ningewaambia nini? Kwamba kompyuta imezimwa?

Sijui kama nimekusamehe. Ile habari ya stendi naifikiria mara nyingi. Nikishajua nitakuandikia mwenyewe.

Kwa sasa itoe ile namba. Ukishaitoa usiniandikie kuniarifu. Nitajua asubuhi.

Mama Stacy