Pipa la Sabuni Lililogeuka Maji

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumatatu, tarehe 4.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepoa, au bado unakohoa ukiingia maabara? Sisi tu wazima, Mungu ametulinda, ila roho yangu imechafuka na sina wa kumweleza isipokuwa wewe.

Unakumbuka ulipokuja likizo ukatuchorea mlangoni kwa chaki? Ulisema chembe za sabuni zina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia, kwa hiyo zinajikusanya vidonge vidonge, mikia ndani. Ukitia chumvi, vidonge vinarefuka kama tambi, tambi zinasokotana, sabuni inakuwa nzito. Ukizidisha, tambi zinaota matawi, zinateleza tu, hazishikani tena. Nilishika kila neno.

Ijumaa nilichanganya pipa la sabuni ya maji tunayoiuzia zahanati, nikatia chumvi kwa kipimo. Ikatoka nzito ya kupendeza. Nikaenda ibadani nimetulia. Narudi, namkuta wifi kainamia pipa, mwiko mkononi, jasho linamtoka.

"Wifi, niliona bado nyepesi, nikaongeza chumvi."

"Ikawaje?"

"Ikalegea. Nikaongeza tena, ikalegea zaidi. Hii chumvi yenu imelala."

Kaongeza vikombe vinne vya chumvi, mdogo wangu. Sabuni inamiminika kama chai. Nilimfokea mpaka jirani mshonaji akaja kuchungulia, na mimi ndiyo kwanza natoka kuomba.

Kinachoniuma zaidi sijamwambia mtu. Wifi hakuwepo siku ile ulipochora, na ile chaki niliifuta kesho yake. Ameniuliza mara mbili kwa nini napima kwa kikombe, nikamjibu akoroge tu. Nilipenda kuwa mjuaji peke yangu. Mungu nimeshamwomba msamaha, wifi bado.

Muuguzi mkuu anakuja tarehe 20. Alishasema tukimpa nyepesi tena atachukua kwingine, na sisi wanawake wanne hatuna mteja mwingine.

Nimejaribu kwenye glasi: nikichanganya na sabuni isiyotiwa chumvi, inaanza kushikana. Lakini sijui kipimo cha pipa zima, na malighafi iliyobaki inatosha kujaribu mara moja tu.

Nisalimie shemeji na mapacha. Mama anakuombea kila siku, nami pia. Mungu akufunike.

Tafadhali nijibu upesi, uandike kipimo na sababu yake, kwa maneno ambayo nitaweza kumsomea wifi.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda daima.