Chupa ya Tatu

Msuka

Dada yangu Bi Mwatum,

Assalaam alaykum. Naomba ikukute mzima hapo Jadida, na goti limepunguza ukorofi. Mimi mwili hauna neno. Tumbo linatangulia, mwenyewe nafuata.

Salamu zako zimefika, kwamba hitma ya marehemu Mama ni Ijumaa na dua nitaomba mimi. Kabla hujawaambia watu, soma kwanza.

Unajua natunza stoo ya hoteli. Nilikwambia mchele na sabuni. Kabati la mvinyo sikulitaja, maana lilikuwa la Pandu wa baa. Pandu kaacha kazi. Siku ile ile wakaja mume na mke wa Kifaransa, wanatimiza miaka arubaini ya ndoa, wanataka mvinyo mwekundu wa kwao, tena mzuri. Meneja akasema nichague mimi, eti aliyepima karafuu miaka ishirini hakosi pua. Nikamwambia hata majina ya chupa hayanisomeki. Akacheka, akasema basi nionje.

Nikashika yenye picha ya kasri, kama wewe unavyonunua kanga kwa rangi, jina ukasomewe nyumbani. Mpishi akanituliza kwamba wajuzi huonja wakatema. Nikaona kumbe jambo dogo: si wewe Ramadhani unaonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi, unatema, na funga yako ipo? Ya kasri ilikuwa siki tupu. Ya pili ina ukakasi kama bibo bichi. Ya tatu ilinukia karafuu iliyoanikwa siku mbili. Nikawapelekea hiyo. Yule bibi alilia, akasema ndiyo ladha ya harusi yake.

Tangu hapo ufunguo ninao mimi, na wageni wananiulizia kwa jina. Miaka hamsini na tatu sijawahi kusifiwa kwa kazi, Dada, hata kwenye karafuu walikuwa wakinirudishia magunia. Riziki ya sifa imenijia huku.

Sasa nakwambia usilolijua. Ile ya tatu sikutema. Wala ya juzi. Wanasema sala ya mnywaji haipokelewi siku arubaini. Nazihesabu, sijavuka saba bila kuanza upya. Nimeapa kuacha mara nne. Ya tano niliona haya kuapa.

Dua aombe mwanao Talib. Mama asiombewe kwa mdomo huu. Nitakuja, nitakaa mlangoni penye viatu, niitikie amin kwa sauti ndogo.

Nisalimie Asya na Bi Kijakazi. Ukikasirika, usinifiche.

Nduguyo,
Zubeir