Ndizi ya Kobe

Dada Nereah, uko? Usinipigie, bado niko kanisani hapa Birongo, nimejificha nyuma ya choo.

Leo Mchungaji Mogire ametoa ushuhuda. Mzee wa miaka tisini na moja. Eti mwaka wa 1973 alifika kwetu akiwa mgonjwa wa tumbo, baba akamwombea, na kesho yake akaamka mzima. Kanisa lote likasema amina.

Kwetu. 1973. Unakumbuka?

Ni ile ndizi niliyoficha ndani yake dawa ya minyoo ya kobe wako! Niliiacha dirishani, mama akaiona, akampa mchungaji, maana kwetu mgeni hatoki bila kuonja kitu. Nilimtazama akiila yote. Nilikuwa na miaka kumi, ningesema nini? Na hicho kilikuwa kidonge cha mwisho. Wiki iliyofuata tukamzika kobe kwa migomba, wewe ukilia.

Sasa sikia. Ibada ilipoisha, tulikuwa kwa laini tukisalimiana mlangoni. Mchungaji akashika mkono wangu, haachilii. Akaninong'oneza, "Nyanchera, nilipouma kile kidonge nilijua ni dawa. Lakini ningetemaje chakula mbele ya mama yako? Na kobe wenu mgonjwa alikuwa chini ya meza, ananiangalia tu."

Alijua! Miaka yote hii alijua!

Halafu akauliza, "Kwani kobe alipona?"

Nereah, nimemwambia alipona. Nimemdanganya mchungaji siku ya Sabato, mlangoni mwa kanisa.

Naye amesema, "Amina."