Kaza Leso

Nasreen uko?

Leo nimempeleka nyanya kuona kile kiwanda cha pamba cha zamani, pale alifanya kazi akiwa msichana. Mashine ni kutu tupu, mti umeota katikati.

Tukipita kando ya mashine moja, mimi nimejifunga leso kiunoni, akanishika mkono: "Kaza leso! Mkanda wa mashine utaivuta!"

Mkanda gani?? Hakuna mkanda pale! Nikacheka. Nasreen, nilicheka.

Akaniangalia, akasema polepole, "Hata dada yangu alicheka hivyo."

Na unajua mimi niliitwa Kalekye kwa sababu ya huyo dada yake. Maisha yangu yote nimeambiwa aliuawa na malaria.

Saa hii nyanya anapika chai kama hajasema kitu.

Nakuandikia na mkono mmoja. Ule mwingine umekataa kuachilia leso.