Maelezo Kuhusu Kanzu na Kofia ya Marehemu Spés

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mugisho Bagula. Umri: miaka 78. Kazi: mwalimu wa dini, mstaafu. Makazi: karibu na Grant Street, Buffalo, Marekani. Tarehe 4 Aprili 2026, saa 4:10 asubuhi.

Afisa mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wenzako wa kituo. Niwie radhi kwa kuchelewa: niliitwa jana, ila sikuthubutu kuyasema haya kwa Kiingereza changu kibovu, nikamngoja mkalimani.

Mwaka 2004 mimi na marehemu mke wangu, Spés, tulialikwa Sevilla, kusini mwa Hispania, na padre aliyetusomesha misheni. Huko, katika Juma Kuu, waamini huvaa kanzu na kofia ndefu yenye ncha, inayofunika uso, ili Mungu peke yake amjue anayetubu. Spés alishona yake, nyeupe, akatembea saa saba bila viatu nyuma ya sanamu ya Bikira Maria. Kati ya kofia zile zote nilimtambua kwa nyayo tu. Alifariki Columbus, tulikoishi kabla sijahamia Buffalo, miaka mitatu iliyopita.

Mnamo tarehe 3 Aprili 2026, Ijumaa Kuu, saa 8 mchana, nilimwomba Elisée Masumbuko, mwanakwaya mwenzangu, avae mavazi hayo mpaka kanisani, nami nimfuate nyuma. Nilimchagua kwa kuwa ni mfupi kama marehemu. Alicheka: “Bon, Papa, niko sawa mshumaa ya Pasaka!” Akavua viatu mwenyewe, ingawa theluji ilikuwa bado pembeni mwa njia. Kwa hatua kama mia mbili nilikuwa na mke wangu.

Saa 8:20 jirani, bibi Mmarekani mweusi wa rika langu, alituona kutoka barazani kwake. Alipiga ukelele, akakaa chini. Elisée alifunua uso haraka. Bibi alimtazama, akamwuliza kwa sauti ndogo: “Mwanangu, nani amekuvika hiyo?” Polisi walifika saa 8:35, wakamchukua Elisée kwa kosa la kutisha watu.

Ni leo tu, hapa kituoni, mkalimani aliponieleza ni akina nani waliovaa kofia nyeupe kama ile katika nchi hii: kundi la wazungu waliofunika nyuso, wakawapiga, wakawanyonga na kuwachomea nyumba watu weusi. Nimeishi Marekani miaka kumi na mmoja bila kujua. Naona aibu mbele ya bibi yule.

Jibu la swali lake ni mimi. Elisée hakujua lolote. Kama kuna kosa, liandikwe kwa jina langu, naye arudi kwa watoto wake kabla ya Pasaka. Kofia siidai. Naomba kanzu tu, ikiwezekana. Sijawahi kuifua, pindo lina nta ya mishumaa ya Sevilla.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyakubali.

(Sahihi) M. Bagula

Maandishi ya afisa: Masumbuko ameachiliwa saa 5:40 asubuhi. Kofia imebaki kituoni. Kanzu amekabidhiwa shahidi. Barua ya shahidi ya kumwomba jirani msamaha, aliyoiandika hapa kituoni, itapelekwa na mkalimani, Bi. Jolie Kavugho.