Mashimo ya Juu ya Dirisha

Mama yangu,

Chamgei. Naomba barua hii ikukute umeketi mahali penye jua, nje ya jikoni, kwenye kile kigogo ambacho baba alikichonga kiwe kiti na hakikuwahi kuwa kiti sawasawa. Goti la kulia linasemaje? Na kifua? Mdogo wangu Kibet ananiambia unakohoa sana, na ukiulizwa unasema ni vumbi la mahindi. Mama, mahindi yalivunwa zamani.

Mimi mwili ni mzima. Nitaishia hapo kwenye mwili.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu umeikataa. Kila nikipiga unampa Kibet kabla sijamaliza kukuamkua. Sikulaumu. Najua ni neno gani lilikufanya uogope sauti ya mwanao, na ndilo lililonikalisha chini leo. Njoroge, mwenzangu wa kazi, anakuja likizo kwao Kiamunyi. Nimempa barua hii na mzigo mdogo, na Kibet atashuka Nakuru kuvichukua. Tafadhali isome mwenyewe. Ulienda ngumbaru ukiwa na nywele nyeupe ili usisomewe Biblia na watu. Na hii pia usisomewe na mtu. Nimeandika herufi kubwa, na nimeacha nafasi kati ya mistari.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni ipi. Watu wa kanisani wanasema mimi ni fundi wa AC, na mimi nimewaacha waseme. Ukweli ni kwamba nasafisha njia za hewa. Nyumba za huku Ghuba zina mitambo ya kupuliza baridi. Baridi hiyo hupita ndani ya mabomba mapana ya bati yaliyolala juu ya dari, kisha hutokea kila chumba kupitia vifuniko vyenye mapengo kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mle ndani hujaa vumbi la mchanga, nywele, na kuvu. Sisi tunafungua vifuniko, tunaingiza brashi ndefu inayozunguka kwa umeme, na upande wa pili kuna mashine inayovuta uchafu wote. Siku ya kwanza nilipoiona brashi ile nilicheka peke yangu. Ni sosiot yako tu, ule ufito unaosugulia ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Ulikuwa unatuambia, "Kibuyu kwa nje ni safi siku zote. Weka pua." Huku pia tunaweka pua.

Baridi inapita ndani ya bomba, Mama, lakini sisi tuko nje ya bomba. Juu ya dari kuna joto la kuchemsha chai. Natambaa kwa tumbo, jasho linaniingia machoni, na chini nasikia watoto wakilalamika kwamba leo AC imezimwa. Kuna mama mmoja alisimama chini ya ngazi yangu akiwa ameziba pua kwa kitambaa, akasema, "Fanyeni upesi. Watoto wangu hawawezi kulala kwenye hewa mbaya." Nilimjibu, "Sawa, madam." Nilikuwa na wiki sita tu tangu tumzike mke wangu Chelangat. Niseme tangu mmzike, kwa sababu mimi sikuwepo.

Njoroge ndiye amenifanya nisirukwe na akili. Anaongea kama redio. Juzi alichomoa donge la nywele kwenye bomba akaniita, "Mzee wa Keringet, kuja uone! Hii nyumba iko na nywele kushinda saluni zote za Kiamunyi!" Nikamwambia aweke kwenye gunia anyamaze. Akasema, "Si ucheke tu kidogo, buda. Kucheka hawakati mshahara." Nilicheka kidogo.

Sasa nikuambie jambo lililotokea, kwa sababu bila hilo nisingeandika.

Tulikuwa kwenye nyumba ya bibi mmoja mzee. Ukisafisha njia za hewa ni lazima kwanza uzibe vifuniko vyote kwa karatasi ya nailoni, ili uchafu usimwagike vyumbani. Madirisha nayo tulikuwa tumeyafunga kwa sababu nje kulikuwa na upepo wa mchanga. Yule bibi anapenda ubani, na msichana wake wa kazi akauleta sebuleni kama kila siku, makaa mekundu kwenye kajiko kadogo ka udongo. Haikupita muda, kidude cheupe kilichobandikwa ukutani, cha kunusa ile sumu ya makaa isiyo na moshi wala harufu, kikaanza kulia. Kililia kama kifaranga kilichokanyagwa, bila kunyamaza.

Msimamizi wetu ni Mnepali mtu mzima asiyependa maneno. Aliangusha mpira wa mashine aliokuwa ameushika, akakanyakua kale kajiko kwa mikono mitupu, akakimbia nako nje. Akarudi akafungua milango, akafungua madirisha, mchanga ukaingia kwenye zulia. Yule bibi akakasirika. Akasema, "Ni ubani tu! Mimi huchoma kila siku na sijawahi kuumwa hata kichwa."

Msimamizi alikuwa anapuliza viganja vyake vilivyoungua. Akamwambia, "Kila siku matundu yako wazi, madam. Leo tumeyaziba."

Mama, niliketi kwenye ngazi. Njoroge alikuja akanishika bega. "Buda, uko poa? Umevuta hiyo kitu?"

Nikamwambia, "Njoroge, ni mimi."

"Ni wewe umefanya nini?"

Sikuweza kumjibu. Nakujibu wewe.

Jiko lile ni lile lile, Mama. Tangu nizaliwe, baridi ya Julai ikishuka kutoka msituni, umekuwa ukiwasha makaa nje, unangoja yawe mekundu, unaliingiza jiko ndani. Tumelala nalo mimi na Kibet tukiwa wadogo. Baba alipougua, jiko lilikaa miguuni pake mwezi mzima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala asiamke. Kwa sababu nyumba yetu ya zamani ilikuwa na nafasi kati ya ukuta na mabati, unaweza kupitisha mkono. Na hata hii yangu nilipoijenga niliacha mashimo mawili juu ya kila dirisha, kama fundi alivyoniambia. Chelangat alikuwa anayalalamikia. Usiku alikuwa akiyaziba kwa sweta yangu ya shule iliyochanika viwiko, ameikata vipande ambavyo bado vilipenyeza hewa kidogo. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, anapanda kwenye stuli anavitoa. Nilimuuliza kwa nini asiviache tu. Akasema, "Wacha nyumba itoe usingizi." Nilidhani ni mzaha.

Kisha nikaja huku nikaona nyumba ambazo hata vumbi huingia kwa ruhusa. Nikaona aibu juu ya nyumba yangu. Nikaagiza madirisha ya vioo kutoka kwa mafundi wa Nakuru. Nikaagiza dari. Nikaagiza mpira wa kuzungushia mlango, na nikamwambia Kibet azibe mashimo yote kwa simiti. Kibet alinipigia. Aliniuliza hivi, namsikia hadi leo: "Na hewa, je?" Mimi nikamtumia ujumbe wa sauti. Nilisema, "Hewa ya nini? Huko kwetu ni baridi tupu. Ziba, hata sisimizi asipate njia."

Kibet anao ujumbe huo kwenye simu yake mpaka leo. Hajawahi kumsikilizisha mtu.

Watu walikuja kuiona nyumba. Mchungaji aliiombea. Chelangat alinitumia picha amesimama mlangoni na kitambaa chake cha maua, akasema sasa upepo umeshindwa. Mama, nilijivuna. Nilionyesha kila mtu picha ile bwenini kwetu, wa kitanda cha juu na wa cha chini.

Halafu ikaja ile Julai. Chelangat akashikwa na homa. Mwanangu Cherono alikuwa ameenda kwa mjomba wake kwa likizo, na hilo namshukuru Mungu, ingawa kwa sasa sina mengi ya kumshukuru. Wewe ulimwonea mkwe wako huruma. Ulimpikia uji. Ukawasha jiko lako, likawa jekundu, bila moshi hata kidogo, ukalibeba mwenyewe na lile goti ukaliweka karibu na kitanda. Ukamfunika blanketi la pili. Ukafunga mlango vizuri nyuma yako, ule mlango wenye mpira wangu. Asubuhi ulibisha na uji mwingine mkononi.

Mimi nilipopigiwa simu, sikuuliza jambo lingine. Nilisema, "Mama, nani alikuambia uingize jiko? Umeniulia mke."

Hilo ndilo neno. Nimeliandika hapa ili ulione kwa macho na ujue kwamba nalikumbuka jinsi lilivyo, silipunguzi.

Kampuni ilininyima ruhusa ya kuja kumzika. Yule wa ofisini aliniambia mkataba wangu haujafika muda, akanipa pole na chupa ya maji. Nilitazama mazishi kupitia simu ya Kibet, picha inakatikakatika. Nilimsikia dada yake Chelangat akisema kwa sauti mbele ya watu, "Ni jiko la mama mkwe." Kibet alipogeuza simu nilikuona umesimama kwenye ua peke yako, umejifunika shuka hadi mdomoni, na hakuna aliyesimama nawe. Hakuna, Mama. Wote waliokunywa maziwa yako miaka yote hiyo. Jioni Kibet aliniuliza polepole, "Na yale mashimo?" Nikamkata. "Mashimo gani? Wewe ongea juu ya jiko." Kwa hiyo usimkasirikie Kibet. Alinyamaza kwa sababu kaka yake alimnyamazisha. Nilijua kidogo, nikakataa kujua kingine, nikakuachia wewe mzigo kwa sababu wewe hukubishana.

Sasa nasikia hukanyagi ile nyumba. Nasikia hata jikoni kwako ukimaliza kupika unamwagia makaa maji, mnalala na Cherono kwenye baridi, mmekumbatiana kama wanakondoo. Nasikia wakwe wanasema mtoto hatabaki na wewe. Nimewaandikia wao pia. Barua yao ni fupi kuliko hii, lakini inasema wazi kwamba jiko liliingizwa kwa upendo, na nyumba ilizibwa kwa ujinga, na ujinga huo ni wangu. Nimemwambia Kibet awasikilizishe ule ujumbe wa sauti. Watanichukia. Wawe huru. Mimi niko mbali na nimeshazoea kulala vibaya. Wewe unakutana nao kisimani.

Kwenye ule mzigo kuna vifuniko vinne vya hewa. Yule bibi wa ubani aliweka vipya na akasema hivi tutupe. Nimevisugua kwa brashi ndogo, pengo kwa pengo, siku mbili. Mwambie Kibet achukue patasi na nyundo. Viwili viwe juu, karibu na dari, palepale palipokuwa na mashimo ya Chelangat. Viwili viwe chini, karibu na mlango. Ule mpira wa mlangoni aubandue wote. Dari aitoboe kama ataona inafaa, na asinipigie kuniuliza kama nyumba itaharibika sura. Wavu wa kuzuia panya nimeuweka ndani ya soksi.

Nisalimie Kibet, na umwambie swali lake lilikuwa zuri. Nisalimie mama mdogo, na yule jirani wetu anayepeleka maziwa, ambaye nasikia ndiye pekee hukuletea kuni. Mwambie sitamsahau. Nisalimie mke wa mchungaji, ingawa ningependa siku moja aniambie kwa nini naye alisimama upande ule mwingine wa kaburi. Cherono usimsomee haya sasa. Mwambie tu kwamba baba yake ameuliza kama jino lile limeota, na kwamba vile vipande vya sweta, kama bado viko kwenye kopo lao juu ya kabati, asivitupe.

Baridi inakaribia tena, Mama. Vifuniko vikishawekwa, simama kwenye stuli ya Chelangat, Kibet akushike, uweke kiganja chako juu ya kifuniko. Ukisikia upepo unapita, basi hapo nyumba ni yako. Ingia. Washa jiko lako nje liwe jekundu kama ulivyozoea, liingize, uote moto na Cherono naye aote, na kifua chako kipone. Ikifika saa ya kulala, jiko litoke nje. Hilo tu.

Nitapiga simu Jumapili mkitoka kanisani. Nikisema "Chamgei, Mama", usimpe Kibet.

Mwanao aliyekukosea,
Kipkemoi