Patupu Ndani ya Kioo

Mwende mjukuu wangu,

Huku Masii tuko salama, na mbaazi zimechanua. Unaniuliza, ukiwa huko chuoni, kama kweli stima hupita mahali patupu, pasipo waya. Hupita. Nikiwa msichana, redio ya baba ilikuwa na vitaa vya kioo vilivyotolewa hewa yote. Siku moja ikanyamaza. Nikaona ndani ya kioo kimoja vyuma havigusani, nikadhani vimekatika. Nikakivunja niviunganishe kwa waya. Kumbe betri tu ndiyo ilikuwa imekwisha!

Fundi aliyeletewa redio na baba akasema, “Msichana, hapo patupu ndipo stima ilipopitia.”

Jana babu yako alitaka kuondoa kiti chako hapa jikoni, kwa kuwa hakuna anayekikalia. Nikamwambia akiache, hapo patupu ndipo ninapokusikia.

Susu wako